Chembe za Kaneza

Kaneza alikuwa ameshapaka wino kwenye dole gumba nilipomshika mkono.

"Tazama hii kwanza, mama, kabla hujasaini."

Kamati ya maadili ya utafiti ilinituma kijijini Mbuba nimuulize kama alielewa alipokubali kiinitete kilichobaki baada ya matibabu yake ya ugumba kitumike katika utafiti wa serikali, na kama bado anakubali, asaini upya.

"Waliniambia ni kambegu kadogo tu, mwanangu. Nikajua kalishatupwa."

Kwenye video ya simu yangu, chembe hai zilizooteshwa kutoka kile kiinitete zilikuwa zimegeuka kuwa nyama ya moyo. Zilidunda zenyewe ndani ya kisahani cha kioo, bila mwili.

Kaneza aliweka vidole shingoni mwake, akalinganisha mapigo.

"Nikikataa?"

"Watazimwaga, mama."

"Nikikubali?"

"Zitaendelea kudunda, miaka hata miaka."

"Bila kukua?"

"Bila kukua."

Nje, binti yake aliyezaliwa kwa matibabu yale alikuwa akiimba migombani. Kaneza alitazama mlangoni, kisha akanigeukia. Alinyanyua simu kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akaifunika kwa kitenge kama anayenyonyesha.

Nikamsogezea fomu.

"Ngoja huyu alale kwanza," alininong'oneza.