Kitambaa cha Jumamosi

Kila Jumamosi Bi Nyamizi alimkodi mbwa yuleyule kwa Mzee Lugendo, mkodishaji wa mbwa, akakaa naye uani hadi jioni. Kabla ya kumrudisha humfunga shingoni kipande cha kitenge chake, ili mbwa asimsahau.

Jumamosi hii alimkuta na utepe wa buluu shingoni badala ya kitenge.

"Nani kamfunga huu?" akauliza kwa wivu.

"Mwalimu mmoja, humchukua Alhamisi," akajibu Mzee Lugendo. "Anamwita Bahati."

"Bahati? Huyu ni Faraja wangu! Hata marehemu mume wangu hakuthubutu kunifanyia hivi!"

"Mama, kila mteja ana jina lake. Mbwa anaitikia yote."

"Na wewe humwitaje?"

"Mimi? Humpigia mluzi tu."

Bi Nyamizi akachuchumaa, akaufungua ule utepe kwa hasira na kuutupa vumbini. Chini yake manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi imechubuka, palepale ambapo naye hukaza fundo lake. Mkononi alishika kipande kipya cha kitenge, alichokipiga pindo jana.

Mbwa akamtazama. Kisha, kama alivyozoea, akanyoosha shingo.