Muhidini wa Chumba cha Nyuma

Sauti ya mama yake ilipofika getini, Muhidini alibandika sikio kwenye mlango wa bati.

"Mpeni mwanangu hii ming'oko, jamani. Anaipenda tangu mdogo," alisema Bi. Mwanaidi, kisha akaangua kilio. Alikuwa ametoka kijijini Mahurunga alfajiri. Hakuomba kumwona mwanawe. Alikabidhi bakuli la mizizi hiyo ya porini iliyochemshwa, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaondoka.

Afadhali, aliwaza Muhidini. Asinione hivi.

Chumba kile cha nyuma cha mahabusu ya watoto kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Humo kijana wa miaka kumi na tano alishaanza kuongea na ukuta. Mchana alimlaani Sudi, mwenzake wa bwenini aliyewahi kugombania naye kitanda. Nani mwingine angemchongea hadi afungiwe humo?

Siku hiyohiyo alifika Sabina, afisa ustawi wa jamii, mgeni wilayani. Alipokiona chumba, sura ilimbadilika.

"Mtoto hafungiwi peke yake namna hii, Bwana Paulo. Amempiga mtu? Ametaka kujidhuru?"

"Hapana," alijibu mkuu wa mahabusu, akitazama chini.

"Basi fungua."

Jua lilimchoma Muhidini machoni, akayumba. Sabina alimshika mkono, akamkalisha barazani, akampa maji.

"Mwanangu, ile mashine ya boti iliyoibwa kule Mnazi Bay, uliiba wewe?"

"Mimi, mama. Peke yangu."

Ndivyo alivyowajibu polisi, na ndivyo alivyojibu mahakamani bila kupepesa macho, huku kaka yake Ismaili akiwa ameinamisha kichwa nyuma ya mama yao.

Muhidini alimgeukia Paulo. "Nani alisema nifungiwe? Ni Sudi, siyo?"

"Sudi?" Paulo alishangaa. "Sudi kila siku ananiomba nikutoe."

"Sasa nani?"

Paulo alimtazama Sabina kama anayeomba ruhusa. Sabina aliitikia kwa kichwa.

"Ni mama yako. Alipokuja mara ya kwanza alinipigia magoti. 'Usimwache na wenzake,' akasema. 'Huyu muongo, atawaambia watu kwamba kaka yake Ismaili ndiye aliyeiba.' Mzazi amepiga magoti, ningemkataliaje?"

Kikombe kilibaki hewani, mbele ya midomo ya Muhidini.

Kosa lile alilibeba ili mama yake asijue kamwe kwamba mwizi ni Ismaili. Na siri hiyo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Basi mama aliijuaje?