Hotpoti ya Safari

Kwa siku nane Shebe aliufanya mji ule wa kando ya mto kuwa mahali pa kulala tu. Alfajiri alitoka kwenda kutazama maporomoko au mapango, jioni akarudi hoi kwenye nyumba ya wageni ya Bi Tausi. Ng'ambo ya daraja aliishi shangazi yake Mwanakheri, aliyemlea tangu utotoni. Kila siku alijiambia atapita kesho.

Asubuhi ya kuondoka alirudisha hotpoti, ambayo kila alfajiri alikabidhiwa ikiwa imejaa maandazi ya iliki.

"Ahsante, Bi Tausi. Unawalisha vizuri wageni wako."

Bi Tausi akamtazama. "Mimi napangisha vyumba, mwanangu. Hiyo huletwa na mama mmoja mtu mzima kutoka ng'ambo, kabla ya jua kuchomoza. Mji wenyewe mdogo huu, habari zako alizipata siku ile ile uliyofika. Huniuliza tu kama jana ulirudi salama."

"Mbona hukuniamsha?"

"Alinikataza. Alisema una safari zako, ukipata nafasi utamwendea mwenyewe."

Shebe akakifungua chombo. Ndani mlikuwa na chenga za maandazi na harufu ya iliki. Shangazi ndiye aliyemfundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu; hutiwa chochote, hata ndimu moja. Hiki kilikuwa kimerudi kitupu mara saba.

Nje basi likapiga honi. Shebe alikuwa amepiga magoti, akipekua begi lake mpaka chini, na hotpoti iko wazi pembeni yake.