Dawa ya Panya

Mayige alisimama katikati ya mlango akamzuia mdogo wake asiingie.

"Chupa huipati," alisema. "Rudi Dar kwa panya wako."

Joyness alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye bodaboda kutoka mjini Mwanhuzi, vumbi la kijiji cha Lingeka limemjaa hadi kwenye kope. Hakuna aliyempa kiti.

"Kaka, nilikosea kuileta. Panya wanakufa."

Kazi ya Joyness ilikuwa maabara huko Dar, kwenye panya waliozalishwa makusudi wakiwa na hali aliyozaliwa nayo Milembe, binti wa Mayige. Ile ambayo hospitalini huitwa Down, ya mtoto kuchelewa kusema na kuelewa. Walipopewa dawa mpya, panya hao walianza kukumbuka njia ya kwenda kwenye chakula. Mayige aliposikia hayo akamwandama kwa simu: ng'ombe zangu ndizo zilizokusomesha, na mimi nisaidie. Mwishowe Joyness akaiba chupa moja, akaileta, akamwonyesha Kabula, mke wa kaka yake, namna ya kumpa mtoto kila asubuhi.

"Usiogope, wifi," alimwambia siku ile, akidhani anamtia moyo. "Milembe na panya wangu hawana tofauti kubwa."

Tangu siku hiyo Kabula hakupokea tena simu yake.

"Wanashikwa na degedege," Joyness alisema sasa. "Na ni walewale waliokuwa wamechangamka."

"Mwanangu hana degedege. Milembe, njoo hapa."

Msichana akaja kutoka zizini, fimbo mkononi.

"Mwambie shangazi yako habari za ng'ombe."

Milembe akageukia zizi. Polepole, kwa ulimi wake mzito, akawataja mmoja mmoja: huyu ana mimba, yule mwenye baka ni wa bibi, yule alikataa ndama wake. Hakukosea hata mmoja. Joyness alikumbuka kwamba mwaka jana mtoto huyu hakuweza kutamka jina la baba yake.

"Umeona?" Mayige alisema. "Miaka yote nilijua nimezaa mzigo. Sikuwa hata namwita. Ulipoleta dawa ndipo nikaanza kukaa naye zizini kila jioni, namfundisha, kwa sababu sasa najua ninachomfundisha kinamwingia. Leo unataka kuninyang'anya?"

"Atakufa, kaka."

"Heri afe ana akili kuliko kuishi hivyo alivyokuwa."

Kabula alikuwa ameketi ukutani akichambua pamba. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Nitakwenda polisi," Joyness alisema.

"Nenda. Utawaambia nani aliyeiiba?"

Mayige akamshika binti yake mkono, wakarudi zizini bila kuaga.

Joyness akaondoka akilia. Alipofika kwenye uzio wa minyaa akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa Kabula, nyuzi za pamba zikiwa bado zimemganda kwenye kanga.

"Wifi, nakuomba," Joyness alisema. "Nichukie mimi, lakini usimpe tena. Hata kesho asubuhi usimpe."

Kabula alimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyeingia jikoni.

"Uliniambia mwanangu ni panya," alisema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulisema."

Zizini, Mayige alikuwa akiuliza, "Na huyu je?" na Milembe alikuwa akimjibu, na baba mtu akacheka. Kabula alisubiri mpaka kicheko kikaisha, akamsogelea wifi yake, akashusha sauti.

"Milembe hajawahi kuionja dawa yako. Niliimwaga chooni siku ileile uliyoileta, na kila asubuhi baba yake ananiona namnywesha maji kutoka chupa ileile. Sasa panda bodaboda uende, na usithubutu kumwambia. Akijua, ataacha kumfundisha."