Atakayekanyaga Chini

Petro alishuka Pugu. Hata Dar es Salaam ilikuwa haijaisha vizuri nyuma yao, mwanaume mzima na sauti yake ya besi akadai mgongo unamuuma, akachukua mto wake, akashuka. Wanakwaya wenzake walimsindikiza kwa wimbo wa mazishi.

Kesho yake asubuhi, walipofika Dodoma, Petro huyohuyo alichungulia dirishani. Ameoga, amebadili shati, anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Kaka Lukasi! Bado umo tu?"

"Nimo. We umefikaje huku?"

"Kwa baiskeli."

Behewa zima likaangua kicheko, isipokuwa Mwalimu Theresia, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amesimama katikati na filimbi yake shingoni.

"Petro, toka hapo dirishani! Hatuongei na walioshuka. Mke wa Lutu naye alianza hivihivi, kwa harufu ya muhogo."

Sheria yake ilikuwa moja, na aliisoma kabla ya kuondoka: atakayekanyaga chini kabla ya Kigoma, safari yake imeishia hapo. Asilie, asitume mjumbe. Ijumaa alasiri walianza kumi na sita. Sasa walibaki kumi na mmoja.

Lukasi hakuwa mzoefu wa treni. Mkoa wa Mtwara una bandari, una ndege, una gesi, lakini reli hauna. Treni watu wa kijijini kwao Ziwani wanaiona kwenye simu. Alikuwa mkulima wa mikorosho, umri miaka sitini na mbili, goti moja bovu. Lakini binti yake wa pekee aliolewa Kigoma, na huko alijifungua mapacha. Watoto wana miezi minane na babu yao hajawatia machoni. Peke yake safari ile asingeiweza. Kwaya ndiyo ingempeleka, na kwaya ilikuwa mikononi mwa Theresia.

Kwa hiyo alikaa. Alikaa mpaka makalio yakafa ganzi, yakafufuka, yakafa tena.

Kila kituo Theresia alifungua kijitabu chake na kusoma tafakari. Kilosa alikuwa amewasomea habari za Yona. "Siku tatu tumboni mwa samaki, ndugu zangu," alisema, "na hakuna palipoandikwa kwamba Yona aliuliza tumefika wapi."

Saranda, mchana, alikuja muuzaji mmoja, Nasra, na beseni la kuku wa kukaanga. Badala ya kutaja bei, akauliza habari.

"Mzee Lukasi, ile mikorosho yako umeshaipulizia dawa?"

"Nusu shamba tu, mwanangu. Iliyobaki mpaka nirudi."

"Mpaka urudi! Ugonjwa wa ubwiri utakuwa umekula maua yote, na wewe umejikalia hapo kama mgeni rasmi."

"Habari za nyumbani haziruhusiwi stesheni!" Theresia akafoka. "Uza kuku, mama, uende zako."

Lukasi alinunua paja, akalitafuna. Kuku alikuwa mtamu, lakini ile nusu ya shamba haikumtoka kichwani. Pale alipokaa, hatua kumi zingemfikisha mlangoni. Akaitoa simu, akawatazama mapacha. Mmoja anapiga miayo, mwingine amekunja sura kama anadai haki yake. Akairudisha simu mfukoni.

Mtihani wenyewe ulikuwa Tabora, jua likielekea kuzama. Chooni watu waliruhusiwa kwenda treni ikitembea tu. Ikisimama, marufuku, ndivyo ustaarabu wa reli ulivyo. Na Tabora, Theresia alitangaza, kichwa cha treni kinabadilishwa.

"Kwa muda gani, Mwalimu?"

"Mpaka kibadilike."

Dakika kumi zikapita. Zikapita ishirini. Dada wawili wa sauti ya kwanza walitazamana, wakashikana mikono, wakatimka mbio nje bila hata kuaga. Lukasi alikunja miguu, akauma ncha ya kofia yake, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, kwa huruma ya Mungu, ondoa hii treni!"

"Ayubu alikaa kwenye majivu, Lukasi."

"Ayubu hakunywa chai vikombe vitatu!"

"Basi shuka. Mlango ule pale."

Akautazama mlango. Akafumba macho, akaanza kuimba zaburi kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake, na aliimba beti zote, na alipozimaliza alizirudia. Ndipo Theresia akapuliza filimbi na kupunga kitambaa cha kijani. Lukasi alielekea kule nyuma kwa mwendo ambao goti lake lilikuwa limeusahau tangu ujana.

Jumapili kulipokucha walikuwa Uvinza. Wamebaki tisa, macho mekundu, miguu imevimba. Kituo kimoja tu mbele yao. Lukasi alijifuta uso, akachana nywele kwa vidole, akaanza kupanga: ambebe nani kwanza, anayepiga miayo au yule mgomvi?

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia Baba Paroko, kofia ya pikipiki mkononi, waumini wamejazana nyuma yake.

"Mwalimu Theresia! Ziwani nzima iko nje inasubiri misa, na nyie mmepanga mabenchi ya kanisa kama behewa! Nilikwambia uchague wanane wa kwenda Kigoma mwezi ujao. Nilidhani utawapima sauti!"

Theresia akaificha filimbi kifuani. "Utusamehe, Baba." Wanakwaya wanane wakainuka mmojammoja, kila mmoja akiomba radhi, wakachechemea kutoka nje.

Lukasi akapandisha miguu yote miwili juu ya benchi.

"Mimi siombi radhi, Baba," alisema. "Nashukia Kigoma."