Kengele ya Barazani

Bibi Kavutha alipochoka kuzunguka bustani ya mawaridi, mwongoza wageni alimkalisha barazani kwenye jumba la kale.

"Mzungu mwenye nyumba alikuwa akinywea chai papo hapo ulipokaa," alimweleza. "Na hii ndiyo kengele aliyomwitia mtumishi."

"Naijua. Miaka kumi na tisa ilikuwa ikiniita mimi."

Mwongoza wageni akaitwaa ile kengele mezani, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Basi leo ni zamu yako, Bibi."

Bibi Kavutha akaipiga mpaka ndege wakatimka mawaridini. Magoti yake yakashtuka, yakataka kuinuka yakimbie kama zamani.

"Tulieni!" akayakemea. Akaegemea kiti, akaipiga tena.