Mlango wa Abiria

Bibi alivuta kitasa cha ndani kwa mazoea tu, wala hakutarajia kitu, na mlango ukafunguka.

Akashtuka. Miaka kumi na mmoja mlango ule ulikuwa haufunguki ila kwa nje.

Gari lenyewe lilikuwa mkweche tangu likiwa jipya. Injini haiwaki mpaka betri igongwe kwa spana, na kioo cha dirisha hakisimami mpaka kikabwe na kipande cha kandambili. Lakini kila walipofika, mumewe alishuka, akazunguka, akamfungulia kama bibi harusi. Kumbe jana fundi, bila kuagizwa na mtu, ameutengeneza mlango.

Mbele ya gari mzee wake alikuwa anakuja, mguu mmoja akiuburuta, kiganja kikijishikiza juu ya boneti. Tangu apasuliwe goti, mkewe ndiye anayemvalisha soksi na kumbebea mfuko. Yeye amebakiwa na mlango huu tu wa kumfanyia.

Bibi akaurudisha polepole, bila kuubamiza, akaushikilia kwa vidole usije ukaachama.

Mzee akafika, akatweta, akavuta. Bibi akaukaza kidogo kwa ndani, kama mlango ulivyozoea kugoma, kisha akauachia.

"Umeona?" mzee akasema, jasho linamtoka, uso umechanua. "Bila mimi ungelala humo!"

"Ningelala humu humu, mume wangu," akajibu, akampa mkono ashushwe.